Solo haishiki, dramu hazibadiliki, besi haisikiki: kutatua matatizo ya programu za usindikizaji

Programu ya usindikizaji ni programu ya kompyuta inayokupigia bendi nzima. Ukiiandikia kodi (nota zinazopigwa pamoja, kama C au G7) na kubofya kitufe cha kupiga, kuna kazi mbili zinazofanyika. Kwanza programu inatunga: inasoma kodi zako, kii (nota ya nyumbani na ngazi ya wimbo), kasi na staili (mtindo wa bendi), halafu inaamua besi ipige nota gani, dramu ziangukie wapi, solo ipite njia gani. Kisha inapeleka kilichotungwa kwenye chombo cha kutoa sauti, ambacho kinaweza kuwa ndani ya kompyuta au kinanda kilichochomekwa kwa waya. Matatizo mengi ninayoulizwa yako upande mmoja tu kati ya hizo mbili. Watu humaliza jioni nzima wakibadilisha draiva za sauti wakati kosa limekaa kwenye kodi ya baa ya tano.

Mfano wangu mkuu hapa ni Band-in-a-Box, programu ya kampuni ya PG Music ya Victoria, Kanada, iliyotoka mwaka 1990 na ambayo bado inaongoza kwa kazi hii. Nitaigusa pia Impro-Visor, programu ya bure iliyoanzishwa na Profesa Robert Keller wa Chuo cha Harvey Mudd huko California, ambayo nguvu yake ni solo. Ya tatu ni JJazzLab, nayo ya bure, inayoweza kusoma staili za vinanda vya Yamaha. Ukiwa na programu nyingine, majina ya vitufe yatatofautiana lakini dalili na sababu zitafanana kwa sehemu kubwa.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua dirisha la nota la traki (sehemu ya ala moja) inayokusumbua, kisha piga wimbo huku ukitazama. Ukiona nota zipo na ni sahihi lakini husikii kitu, au unasikia kitu cha ajabu, tatizo liko kwenye sauti. Ruka hadi sehemu za mwisho za mwongozo huu. Ukiona nota zenyewe ndizo mbaya, au hazipo kabisa, tatizo liko kwenye utunzi. Anza hapa.

Solo ina nota zinazogombana na wimbo

Hili ndilo lalamiko namba moja, na lina sababu kadhaa.

Angalia kii kwanza. Chukua kodi ya F. Ndani ya wimbo wa kii ya C, mtu akipanda ngazi juu ya F hupita B ya kawaida. Ndani ya wimbo wa kii ya F, hupita B flati. Kodi ni ile ile, njia ni mbili. Programu isiyoambiwa kii italazimika kubahatisha, na wimbo mpya ukiufungua huwa tayari umeandikwa kii ya C. Kwa anayefanya kazi na nota za kwaya jibu liko juu kwenye kona ya karatasi: palipoandikwa Doh ni F, weka F; Doh ni A flati, weka A flati. Kama wimbo unapandisha kii kwenye ubeti wa mwisho, kama nyimbo nyingi za injili zinavyofanya, weka badiliko hilo kwenye mipangilio ya baa yenyewe. Kwenye Band-in-a-Box simama kwenye baa hiyo na ubonyeze F5.

Kii ikiwa sawa, tazama kodi ulizoandika. Wapiga vinanda wengi huandika kodi kwa ufupi kwa sababu mkono wao unajua yaliyobaki. Wanaandika G, lakini wanachopiga ni G yenye C badala ya B kwa mapigo mawili, ndipo wanaifungua. Programu haikuoni mkono. Itapiga B pale pale mwimbaji anaposhikilia C, na masikio yote ya kwaya yatageuka. Andika Gsus kwa nusu ya kwanza ya baa na G kwa nusu ya pili. Vivyo hivyo kwa besi: kama besi inashuka C, B, A chini ya kodi, andika C, G/B, Am. Ukiandika C na G tupu besi itaruka kwenda G na mteremko ule mzuri utapotea.

Sababu ya tatu ni kwamba mpiga solo uliyemchagua kwenye orodha ya programu ni wa jazi. Programu hizi zimezaliwa kwenye jazi, na wapiga solo wao wengi wamefundishwa misemo ya jazi. Kwa mpiga solo wa jazi, kodi ya tano ya kii, kama G kwenye kii ya C, ni mahali pa kupitisha nota za nje ya ngazi. Juu ya G atapiga A flati, B flati, C shapu, na kwenye jazi hilo ni jambo zuri sana. Sasa mpeleke kwenye sebene ya rumba, ile sehemu ya magitaa na dansi, ambapo kodi ni C, F, G kisha kurudi F, na gitaa la solo linatembea ndani ya ngazi ya C likirudia msemo mmoja mpaka watu wote wako uwanjani. Nota tatu za nje zinatosha kuvunja dansi.

Tiba yake ina hatua. Mchague mpiga solo wa mitindo ya kawaida, kama kantri au pop, maana huyo hushikamana na ngazi. Andika kodi tupu, bila saba wala tisa (C, si C7 wala C9), isipokuwa pale wimbo unapozidai. Halafu tazama matokeo kwa macho. Impro-Visor inasaidia sana hapa kwa sababu inapaka nota rangi: nyeusi ni nota za kodi yenyewe, kijani ni nota zinazoipamba kodi bila kugombana nayo, bluu ni nota za kupitia zinazoelekea kwenye nota ya kodi, na nyekundu ni zile zilizo nje ya hayo yote. Nyekundu fupi katikati ya mbio haina ubaya. Nyekundu ndefu kwenye pigo la kwanza la baa ndiyo inayokuumiza sikio. Isogeze nusu hatua (ufunguo mmoja wa piano hadi wa jirani yake) mpaka igeuke nyeusi au kijani.

Hata hivyo, kwa sebene hutamaliza kazi kwa kuchuja nota tu. Wapiga solo wa programu hutafuta kitu kipya kila baada ya baa chache, na sebene haiishi hivyo. Utamu wake ni kurudia. Ninavyoshauri ni hivi: izalishe solo mara kadhaa, tafuta baa mbili zenye msemo unaoimbika, zinakili kwenye traki ya sauti kuu (melodi), kisha uzirudie mara nane au zaidi. Baada ya hapo ongeza sauti ya pili theluthi moja juu, maana magitaa ya rumba yanapenda kutembea wawili wawili. Hapo kuna mtego. Kama programu inaongeza sauti ya pili kwa kupandisha kila nota nusu hatua nne, C itapata E, sawa kabisa, lakini D itapata F shapu, na F shapu haimo kwenye ngazi ya C. Chagua njia ya kupandisha inayofuata ngazi, au uzirekebishe kwa mkono: juu ya D, E, A na B theluthi ni nusu hatua tatu, juu ya C, F na G ni nne.

Nyimbo za Pwani: hijazi na nota za robo

Wapenda taarabu wana malalamiko ya peke yao na wana haki nayo, kwa sababu programu hizi hazikutengenezwa zikiwafikiria.

Hijazi, rasti na bayati ni ngazi za muziki wa Kiarabu zinazotumika kwenye taarabu. Wimbo wa hijazi kwenye D una nota D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Kodi ya nyumbani ni D meja. Mtu anaandika D, anaweka kii ya D, na solo inapiga E ya kawaida na B ya kawaida kila inapopita. Ladha yote ya hijazi imo kwenye lile pengo kati ya E flati na F shapu, na limeshafutwa. Fanya hivi: weka kii ya G maina, ambayo tayari ina B flati na E flati, kisha kodi ya nyumbani iandike D7b9 badala ya D. Ile b9 ndiyo E flati, na sasa programu imelazimika kuiheshimu. Kodi nyingine zibaki Gm, Cm na Eb.

Bado mpiga solo wa jazi anaweza kukusaliti, kwa sababu juu ya D7b9 jazi ina ngazi nyingine inayopendwa, yenye F ya kawaida, G shapu na B ya kawaida. Fungua dirisha la nota uzitafute hizo tatu. B ishushe iwe B flati, G shapu ipeleke G au A, na F ya kawaida ipandishe iwe F shapu au ishushe hadi E flati kutegemea msemo unaelekea wapi.

Kwa rasti na bayati kazi ni kubwa zaidi, kwa kuwa zina nota zinazokaa katikati ya funguo mbili za piano. Rasti kwenye C inataka E iliyo chini kwa robo ya hatua nzima na B iliyo chini kwa robo. Hakuna mpiga solo wa programu hizi atakayekupa nota hizo mwenyewe. Unaweza kuzitengeneza kwa kupinda nota kupitia MIDI, yaani amri zinazoiambia ala ipige nota gani: kwenye sinthi nyingi (vyombo vya kutoa sauti), ukomo wa kupinda ni hatua nzima moja kila upande, na umbali huo umegawanywa vipande 8192. Robo moja ni vipande 2048. Kwa hiyo kabla ya kila E weka pindo la kushuka 2048, na nota ikiisha lirudishe sifuri. Ukisahau kulirudisha, nota zote zinazofuata zitabaki chini na utadhani kinanda kimeharibika.

Pindo huathiri chaneli nzima (njia ya MIDI ambayo ala hupokelea nota zake), hivyo solo lazima iwe peke yake kwenye chaneli yake na ipige nota moja moja. Zingatia pia usindikizaji. Ukiandika kodi ya C, piano itapiga E kamili chini ya E yako ya robo, na zitagombana vibaya mno. Andika C5, yaani C na G bila nota ya tatu (E), uwaachie nyuzi na solo waseme habari za E.

Mdundo haukai: wimbo wa sita kwa nane umegeuka waltzi

Mwalimu wa kwaya anaandika wimbo wake wa 6/8, anatafuta staili yenye tatu, anapata waltzi ya 3/4, anabofya. Kila kitu kinaenda sambamba kwenye karatasi, lakini hakuna anayeweza kuimba. Mpiga ngoma akisikia anauliza, "Mwalimu, mbona mdundo unanivuta upande mwingine?"

Anavutwa kweli. Baa ya 6/8 na baa ya 3/4 zote zina vipande vifupi sita, ila mgawanyo si mmoja. Kwenye 6/8 kuna mapigo makubwa mawili na kila moja lina vipande vitatu: MOJA-mbili-tatu NNE-tano-sita. Kwenye waltzi mapigo ni matatu na kila moja lina vipande viwili: MOJA-mbili TATU-nne TANO-sita. Besi ya waltzi itaangukia mahali ambapo mwimbaji hana mguu. Chakacha ya Pwani inachezea mivuto yote miwili kwa pamoja, na ndiyo sababu inachezeka vile, lakini mwili wa mchezaji unajua upi ni wa miguu na upi ni wa kiuno. Programu inataka kuambiwa.

Chagua staili ya 12/8. Kwenye Band-in-a-Box staili hizi zimeandikwa kama baa za mapigo manne, kila pigo likiwa na vipande vitatu, kwa hiyo baa mbili zako za 6/8 zinaingia kwenye baa moja ya programu. Uandishi unakuwa rahisi kuliko unavyosikika, maana kila baa kwenye skrini ina nafasi mbili, na ukibonyeza Enter unaruka nusu baa. Nusu baa hiyo ndiyo baa yako nzima ya 6/8. Andika kodi, Enter, andika kodi, Enter. Kama baa yako ya 6/8 ina kodi mbili, zitenganishe kwa koma ndani ya nafasi hiyo: C,G.

Kisha kasi. Kama umezoea kuhesabu vipande vifupi na metronomu yako inasema 180, kasi ya kuandika kwenye programu ni 60, kwa sababu programu inahesabu mapigo makubwa na kila moja limebeba vipande vitatu. Ukiandika 180, wimbo utakimbia mara tatu zaidi. Wimbo wa baa 32 za 6/8 utakuwa baa 16 kwenye skrini, hivyo rekebisha mahali mwisho wa mzunguko (baa zote kupigwa mara moja kabla ya kurudia) ulipowekwa. Ikiwa baa zako ni za idadi witiri, tuseme 17, ile moja inayobaki ipe baa yake yenye mapigo mawili kupitia F5. Usiijaze kwa ukimya. Waimbaji watapumua mahali pasipostahili na hawatarudi pamoja.

Dramu ni zile zile mwanzo mpaka mwisho

Hukuweka alama za sehemu. Bofya namba ya baa mahali ubeti unapoanza uweke a, na mahali kiitikio kinapoanza uweke b. Dramu zitabadilisha mtindo hapo, na baa moja kabla ya alama zitapiga mapambo ya kuingilia. Ukiweka alama kila baa mbili utapata kinyume chake, yaani mapambo yasiyokoma. Kila baa nane inatosha kwa nyimbo nyingi.

Kuna dalili moja inayofanana na hii ambayo huwachanganya watu: ubeti wa kwanza umetulia vizuri, ubeti wa pili unaanza kwa kishindo kama vile kiitikio kimeingia. Kwa kawaida Band-in-a-Box hupiga mtindo wa b kwa mizunguko yote ya katikati ili muziki usichoshe. Kwa jazi inafaa. Kwa tenzi ambayo ubeti wa pili ni wa kuomba toba, haifai kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya wimbo uondoe alama ya kubadilisha staili kwenye mizunguko ya katikati.

Solo inaingia juu ya mwimbaji, au kila mara inakuja nyingine

Kwenye dirisha la Soloist la Band-in-a-Box, ambapo solo hutungwa, kuna sehemu ya kuchagua namna mpiga solo anavyocheza. Ikiwa imewekwa kupiga solo muda wote, itapiga muda wote, hata mwimbaji akiwa katikati ya neno. Iweke ijibu pale sauti kuu inaponyamaza. Ili ifanye hivyo sharti sauti kuu iwe imeandikwa kwenye traki yake. Kama umeandika kodi tu, programu haina namna ya kujua mwimbaji anapumua wapi. Huna haja ya kuandika kila pambo la mwimbaji, nota za msingi zinatosha. Angalia pia mizunguko iliyochaguliwa. Solo iliyowekwa kwa mzunguko wa katikati haitasikika kamwe kwenye wimbo wenye mzunguko mmoja, na hii ndiyo sababu ya kawaida ya solo kutotokea kabisa.

Kuhusu solo inayobadilika: programu inaweza kutunga upya unapobofya kupiga, na ile nzuri ya jana ikapotea. Ukiipata unayoipenda, igandishe hapo hapo kwa kitufe cha theluji kwenye traki, halafu hifadhi wimbo. Usiseme utairudia baadaye. Haitarudi.

Sauti: kimya, dramu zinalia kama piano, gitaa lina maji

Sasa tumevuka upande wa pili, ambako nota ziko sawa.

Dramu zikisikika kama piano inayopigwa na mtoto, traki ya dramu imepelekwa kwenye chaneli isiyo ya 10. Kwa utaratibu wa General MIDI, uliokubaliwa mwaka 1991 ili ala zote zipangwe kwa namba zile zile, chaneli ya 10 ni ya dramu na hizo nyingine 15 ni za ala za kawaida. Kinyume chake pia hutokea: solo inalia kama toms na matoazi kwa sababu imekwenda 10. Mgawanyo wa kawaida wa Band-in-a-Box ni besi 2, piano 3, sauti kuu 4, gitaa 6, nyuzi 7, Soloist 8, dramu 10. Ulinganishe na kilichopo kwenye miksa yako. Kama unatumia kinanda cha nje, hakikisha kimewekwa kwenye hali ya General MIDI, la sivyo kitaita ala kwa mpangilio wake chenyewe.

Kwa wanaotumia JJazzLab na staili za Yamaha, gitaa linaweza kutoa nota za juu za ajabu na mikwaruzo katikati ya wimbo. Staili hiyo inatumia sauti za Mega Voice, ambazo Yamaha wameziwekea kelele za vidole na mikwaruzo ya nyuzi kwenye nota za juu kabisa na kwenye viwango tofauti vya nguvu ya kubonyeza. Sinthi nyingine haijui hayo, inapiga kila kitu kama nota. Zima sehemu hiyo ya gitaa au utafute staili ya zamani kidogo, isiyo na sauti hizo.

Ikiwa traki iliyo kimya ni ya RealTracks, yaani wanamuziki halisi waliorekodiwa studio, swali ni kama faili zake zinaonekana. Maktaba hii ni kubwa, na wengi huiacha kwenye diski ya nje. Siku diski hiyo ikichomekwa na kompyuta ikaipa herufi nyingine, E badala ya D, programu itatafuta kwenye D na kukuta patupu. Nenda kwenye mipangilio ya RealTracks uielekeze kwenye folda sahihi, kisha kwenye Windows uipe diski herufi ya kudumu ili tatizo lisijirudie. Staili zenye alama ya N/A kwenye orodha ni zile ambazo faili zake hazipo kwenye mashine yako.

Gitaa la RealTracks likisikika kama limelowa maji, umelivuta mbali na kasi lililorekodiwa. Kila rekodi ina kasi yake, imeandikwa kwenye orodha. Programu inaweza kuinyoosha kidogo bila shida, ila rekodi ya 85 ukiipeleka 130 mikwaruzo lazima itokee. Tafuta rekodi iliyo karibu na kasi yako. Au tumia ya mara mbili: kwa wimbo wa 70, rekodi ya 140 inaweza kukaa vizuri, kila baa mbili zake zikiwa moja kwako, mradi programu imeambiwa hivyo.

Sauti inachelewa nikipiga kinanda juu yake

Kama unasikiliza tu, ucheleweshaji hauna madhara, kwa sababu traki zote zinachelewa kwa pamoja. Unaumiza pale unapopiga au kurekodi moja kwa moja. Kwenye Windows, sinthi iliyomo ndani ya mfumo yenyewe huchelewa kiasi cha kusikika, na draiva ya sauti ya zamani iitwayo MME nayo inaongeza. Hamia ASIO, aina ya draiva inayochelewa kidogo tu; kama kadi yako ya sauti haina draiva yake, ASIO4ALL ya bure inasaidia. Kisha tazama ukubwa wa bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta huandaa kabla ya kukipiga. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 256 ni kama milisekunde 6, na ya 1024 ni kama 23. Vidole vya mpiga kinanda haviisikii 6. 23 huanza kuonekana, hasa kwenye mdundo wa haraka.

Ukipunguza bafa mno utaanza kusikia mikwaruzo na kukatika. Ipandishe hatua moja. Na kama mikwaruzo inatokea tu umeme ukikatika, kompyuta imejipunguzia nguvu ili betri idumu. Badilisha mpangilio wa umeme uwe wa utendaji wa juu kabla ya mazoezi.

Nimehamishia kinandani na nusu ya bendi haipo

Umetengeneza wimbo, umeuhifadhi kama faili la MIDI, umeuweka kwenye flashi, umekwenda kanisani, na kinachosikika ni besi na nyuzi tu. Gitaa na dramu ulizozizoea zilikuwa RealTracks, na RealTracks ni sauti iliyorekodiwa. Faili la MIDI hubeba nota peke yake. Una njia mbili. Toa wimbo wote kama faili la WAV uupige kupitia spika, ambapo utasikia kila kitu lakini hutaweza kubadilisha kii mbele ya waumini. Au rudi nyuma uchague staili ya MIDI tupu, ambayo kinanda kitaipiga kwa ala zake na utaweza kuishusha nusu hatua shemasi akianza juu.

Kinanda kisipoliona faili kabisa, angalia aina yake. Vinanda kadhaa vya zamani husoma faili za MIDI za aina 0 pekee, ambazo traki zote zimewekwa pamoja, wakati programu nyingi hutoa aina 1 usipochagua. Flashi nayo iwe FAT32, na jina la faili liwe fupi, herufi zisizozidi nane, bila nafasi wala alama. Lijaribu kwenye kinanda kile kile kitakachotumika, Jumamosi, kwaya ikiwa bado iko mazoezini.